Jazz mpya ukiwa Mbeya: anzia kwenye matarumbeta

Mkuu uliyeuliza kama ukihamia Mbeya utapata jazz ya laivu, ya sasa hivi, jibu fupi ni hapana. Ukumbi wa jazz siujui hapa. Ukilitamka hilo neno mbele ya mtu wa rika la baba yangu anakuja na Morogoro Jazz na Mbaraka Mwinshehe, na kama ni wa Iringa atakutajia Tancut Almasi, bendi ya kiwanda cha kukata almasi cha pale mjini. Hajakosea. Kwetu jazz lilikuwa jina la bendi ya dansi. Mimi na ba'mdogo tulibishana mwaka mzima kabla sijagundua kila mtu anasema lake: yeye dansi, mimi muziki wa ala ambao mpigaji anabuni papo hapo.

Ila unachokitafuta kiko karibu. Nimekulia Rungwe, kwenye matarumbeta ya kanisa la Moravian. Nilipewa tromboni nikiwa darasa la sita, mkono haufiki mwisho wa bomba, nota za chini naziruka tu. Pasaka tunaamka saa tisa usiku kwenda makaburini kupiga kabla jua halijatoka. Baridi ya kule inashusha nota za vyombo vya shaba. Mzee wetu wa tuba, lile tarumbeta kubwa la besi, alikuwa anaipulizia pumzi ya moto kimya kimya njia nzima, isije ikatuaibisha kwenye nota ya kwanza.

Kwa hiyo siku niliyowasikia Sons of Kemet wa London, kwenye simu ya mshkaji pale Uyole tukisubiri gari, sikuhitaji maelezo. Saksafoni moja, tuba moja, drams mbili. Gitaa la besi hakuna, kinanda hakuna. Theon Cross anaibebesha tuba besi yote na bado anachokoza wenzake. Nilimkumbuka yule mzee! Bendi ilivunjika 2022, lakini wewe anzia hapo hapo. Mpuliza saksafoni wao, Shabaka Hutchings, mwisho wa 2023 aliiweka saksafoni pembeni akashika filimbi. Albamu yake ya 2024 isikilize mvua ikinyesha, na huku mvua hutaikosa.

Halafu Ezra Collective, kundi la kwanza la jazz kuchukua Mercury Prize, tuzo ya albamu bora ya mwaka Uingereza, 2023. Hao ndio wa kukuinua ucheze. Kwa Afrika Kusini mtafute Nduduzo Makhathini, mpiga piano aliye Blue Note, lebo kongwe ya jazz ya Marekani. Huyo usimsikilize huku unapika, kaa chini. Kamasi Washington wa Marekani watu watakutajia sana. Ile albamu yake ya 2015 inakaribia saa tatu, nilisinzia katikati, mnisamehe.

Kuhusu laivu, tulijaribu wenyewe. Tromboni, tarumbeta, besi, drams na kinanda tulichoazima kwaya. Mazoezi wiki sita, hoteli moja mjini ikatupa Ijumaa. Wimbo wa tatu, mpiga kinanda ndiyo kwanza anaanza kubuni vyake, meneja akapita nyuma yetu: "Vijana, anzeni basi, wateja wanadhani bado mnapima mitambo."

Tuliumia. Mpiga drams wetu kwa hasira akaanzisha mapigo ya haraka, mimi bila kufikiri nikaingia na wimbo wa kanisani ambao kila mtu pale ameuimba tangu utotoni. Mama mmoja akaweka soda chini akasimama. Beti mbili tukaupiga ulivyo, ya tatu tukaanza kuuvuruga, na hakuna aliyekaa, maana walijua tumeondokea wapi na wakawa wanasubiri tutarudije. Ijumaa nyingine hatukupewa, lakini mpaka leo tunapiga hivyo, zaidi kwenye harusi.

Kwa hiyo usitafute mabango. Nenda kanisa lenye matarumbeta, ibada ikiisha mfuate mwenye tuba, muulize mazoezi ni lini. Kama unapuliza chochote, beba. Februari ukipata likizo, panda mpaka Zanzibar kwenye Sauti za Busara. Siyo tamasha la jazz, ila utasikia wapulizaji wa maana.

Na Pasaka ukiwa bado huku, nitafute inbox nikuelekeze makaburini. Saa tisa usiku, na lile koti lako la Dar liache, halitakusaidia.