Moyo wa mtoto ukienda mbio, mshike mama kwanza

Wiki hii mkunga mmoja wa zahanati kaniandikia: "Dada, mapigo ya mtoto tumboni 176 kwa dakika, njia ya mama imefunguka sentimita 6, chupa ilipasuka tangu jana. Nifanyeje?" Nikamuuliza, joto la mama? Hajapima.

Nimekaa leba miaka mingi, na hapo ndipo wakunga wengi mnaponiudhi. Sikio liko kwenye fetoskopu, kile kifaa cha kusikiliza moyo wa mtoto, mama mwenyewe hamgusi. Usiku mmoja nilipokea mama wa mimba ya kwanza, mtoto anapiga 172. Wenzangu tayari wanataja upasuaji. Nikamshika shingoni: moto! Kipimajoto kikasoma 38.9, mapigo yake 124, maji ya uzazi yananuka: maambukizi tumboni, na homa ya mama ndiyo inaukimbiza moyo wa mtoto. Nikampigia daktari wa zamu. Akasema ni uchovu wa uchungu, mpe maji anywe. Sikukubali. Nikaandika kila kitu kwenye faili, pamoja na saa niliyomwita, nikampigia tena. Akaja amenuna. Akaandika antibiotiki: ampisilini gramu 2 kwenye mshipa kila saa 6, gentamaisini miligramu 5 kwa kilo mara moja kwa siku, parasetamoli, dripu, mama kalala ubavu. Joto liliposhuka, mtoto naye akarudi 150 na kitu. Akazaliwa kwa njia ya kawaida, akapelekwa kuangaliwa wodi ya watoto wachanga. Asubuhi kwenye ripoti alisifiwa daktari. Sijasahau.

Kwa hiyo pima joto. Kawaida ya mtoto ni 110 hadi 160. Akizidi hapo, pima joto la mama. Maambukizi peke yake si sababu ya kumpasua, ila uchungu usiachwe udorore. Uko zahanati? Mpe dozi ya kwanza ya antibiotiki, kisha rufaa, usingoje kukuche.

Mapigo yakishuka chini ya 110, au yakichelewa kupanda baada ya uchungu kuachia, hiyo ni habari nyingine: funga dripu ya oksitosini, ile dawa ya kuongeza uchungu, mgeuze mama, pima njia uone kama kamba ya kitovu imetangulia, ita msaada. Sikiliza dakika nzima, kila dakika 15 hadi 30, na kila dakika 5 akianza kusukuma. Mkono mwingine uwe kwenye kifundo cha mkono wa mama, usije ukahesabu mapigo yake ukadhani ya mtoto.

Na pima joto! Mnaojaza 37 kwenye patografu, ile chati ya kufuatilia uchungu, huku kipimajoto kiko kabatini, mnajijua.