Valvu ya hewa huvuta tu, haitoi: kwa plamba anayeanza

Mdogo wangu, kabla hujapanda ngazi na msumeno kwenda kukata venti, lile bomba la hewa lililotokeza juu ya mabati, shuka kwanza tuongee. Kutoka Mamboleo kule Kisumu hadi Kiamunyi kule Nakuru hali ni ile ile: kijana ana cheti cha NITA, mamlaka ya mafunzo ya viwanda ya Kenya, cha gredi ya tatu ambacho wino haujakauka, amesikia kuna kofia ya plastiki, ndiyo valvu ya hewa, inayomwondolea kazi ya kutoboa paa, na sasa anaifunga kila penye bomba. Valvu yenyewe ni nzuri. Waswidi waliianzisha miaka ya 1970 na nyumba nyingi duniani zinaitumia bila shida. Kinachoharibu ni kuifunga bila kujua hewa inatoka wapi na inakwenda wapi.

1. Jua kazi yake kabla ya kuinunua. Maji yakishuka kwa kasi ndani ya bomba hukokota hewa. Nyuma yake panabaki upungufu, na upungufu huo hujazwa kupitia njia iliyo karibu, ambayo mara nyingi ni trapu, ule mpindo wa bomba unaobaki na maji ili kuzuia harufu. Ndiyo maana ukiflashi choo cha juu, sinki ya chini inakoroma: maji ya trapu yanafyonzwa. Yakiisha, harufu ya manholi inaingia jikoni. Valvu ina kisahani chenye mpira. Upungufu ukitokea, kisahani kinanyanyuka na hewa ya chumbani inaingia bombani. Upungufu ukiisha, kisahani kinarudi chini kwa uzito wake na kuziba. Kwa sababu kinategemea uzito, valvu lazima isimame wima. Ikiinama zaidi ya digrii 15, kisahani hakikai sawa, kwa hivyo tumia pima maji, usikisie kwa jicho.

Na dukani, usiseme tu unataka valvu ya hewa. Utapewa ile ndogo ya shaba ya laini ya maji safi, ambayo kazi yake ni kutoa hewa. Ukiiweka kwenye bomba la maji taka umeipa harufu mlango. Sema ni ya maji taka, ya kuingiza hewa, kisha taja saizi.

2. Pima bomba kwanza, pengine huhitaji valvu yoyote. Hapa ndipo pesa za wateja zinapopotea. Nyumba nyingi za chini huku kwetu, sinki ya jikoni inatoboa ukuta na kumwaga kwenye gali trapu, yaani trapu iliyo nje, chini ya wavu. Bomba hilo tayari linapumua kwa mwisho wake, mradi umeliacha juu ya maji ya gali. Ukilizamisha ndani ya maji umeliziba mwenyewe, halafu unatafuta valvu ya kutibu.

Kwa mabomba yanayoingia kwenye staki, bomba kuu la wima la maji taka, vipimo vya Uingereza vinatosha kukuongoza. Beseni la kunawia lenye bomba la milimita 32 lisiwe mbali na staki zaidi ya mita 1.7, na mteremko wake uwe kama milimita 20 kwa kila mita. Sinki au bafu kwa bomba la milimita 40, mita 3. Kwa bomba la milimita 50, mita 4. Ukiwa ndani ya umbali huo na mteremko ni sahihi, trapu itajilinda yenyewe. Ukizidisha, ama unaongeza saizi ya bomba ama unaweka valvu. Sinki ya katikati ya jikoni, isiyo na ukuta wa kupandishia venti, ndiyo mahali valvu inapostahili kabisa.

Kumbuka pia kwamba si kila harufu ni ya kufyonzwa. Joto la Kisumu linakausha flo trapu (trapu ya sakafuni) ya nyumba iliyokaa bila mpangaji miezi kadhaa, na valvu haizuii maji kukauka. Mimina ndoo moja, subiri siku, nusa tena. Ni dawa ya bure.

3. Venti ya wazi usiiondoe. Hapa nitakaa, maana kosa hili si lenu. Ni letu sisi wakubwa, na nyinyi mmelirithi mkitushikia ngazi.

Chukua ploti ya sakafu nne, bedsita nne kila sakafu. Staki ni moja ya inchi nne ndani ya dakti, ule uwazi wa kupitishia mabomba. Chini inapinda kwa elbo moja ya digrii 90, inaingia manholi, kisha septiki. Mwenye ploti hataki paa litobolewe: fundi wa mabati ameshalipwa na kuondoka, na kila tundu litavuja mvua za Aprili. Sisi nasi tunakubali haraka mno. Tunakata staki chini ya silingi, tunavika valvu ya inchi nne juu yake, tunakabidhi funguo.

Miezi ya kwanza hakuna anayelalamika kwa sababu nyumba hazijajaa. Zikijaa, shida inaanza saa kumi na mbili asubuhi, watu wakioga na kuflashi kwa pamoja. Maji yanashuka na kukokota hewa. Valvu inafunguka, inaingiza hewa ya kutosha, na sakafu za juu hazikoromi hata kidogo. Hapo ndipo tulipojidanganya, kwa sababu tulikuwa tunasikiliza juu tu. Hewa iliyoingia imeenda wapi? Imeteremka pamoja na maji. Yakifika kwenye ile elbo, maji yanapunguza mwendo, yanarundikana, yanakaribia kujaza bomba lote, na hewa iliyo nyuma inabanwa. Mbele, mfuniko wa manholi umefungwa kwa grisi ili usinuke, septiki imejaa na haina venti yake. Hewa haina pa kutokea. Inarudi na kutafuta trapu iliyo dhaifu, nayo iko sakafu ya chini. Maji ya choo kile yana kina cha milimita 50 tu. Yanasukumwa juu, choo kinatoa mapovu, flo trapu ya bafu inatema povu la sabuni kwenye miguu ya anayeoga, na gesi inafuata.

Muda huo wote valvu iko juu, imejifunga, na kadiri msukumo unavyozidi ndivyo inavyozidi kujibana. Haijaharibika. Inafanya kile ilichoundwa kufanya: kuvuta hewa ikihitajika, na kutoruhusu hata kidogo kutoka.

Kinachouma zaidi ni tulivyojaribu kulitibu. Tuliongeza valvu ya pili, kule kule chini, ambayo nayo ilijifunga mbele ya msukumo ule ule. Tulipaka silikoni kuzunguka choo. Tulibadilisha trapu za chupa. Tuliwalaumu wapangaji kwa kutupa vitu chooni. Mwishowe mwenye ploti aliita gari la kunyonya septiki, harufu ikatoweka, nasi tukasema tulijua tu ni septiki. Harufu ilitoweka kwa sababu tangi tupu lilikuwa na nafasi ya kupokea ile hewa. Tangi lilipojaa, povu likarudi bafuni. Mpangaji wa chini alilipa kodi ile ile ya wengine huku akilala na dirisha wazi msimu wa mbu.

Kuna jambo la pili tulilosahau. Venti ya juu ya paa ni bomba la moshi la septiki pia. Kinyesi kikioza tangini hutoa methani na hidrojeni salfaidi, na gesi hizo zilikuwa zikipanda kwa staki na kwenda angani bila kumsumbua mtu. Ukiziba juu umezifungia. Hidrojeni salfaidi ikiwa nyingi inaua uwezo wa pua kunusa, kwa hivyo usiseme septiki ni salama kwa kuwa hainuki, na usiteremke ndani hata kumtoa mwenzako bila vifaa vya kupumulia. Mafundi hufa wawili wawili kwa namna hiyo.

Tiba yake ni hii. Kila mfumo wa maji taka wa jengo ubaki na angalau venti moja ya wazi hadi nje, na mahali pake pazuri ni kwenye staki iliyo mwanzo kabisa wa laini, mbali zaidi na septiki au sewa. Ikiwa kuna dirisha ndani ya mita 3, mdomo wa venti upite juu ya dirisha hilo kwa milimita 900 au zaidi, na uvikwe wavu wa kuzuia ndege. Staki nyingine zinaweza kuvikwa valvu. Kama staki ni moja, basi hiyo hiyo ndiyo ya kutoboa paa, mteja apende asipende. Chini, badala ya elbo moja ya 90 funga mbili za 45 zenye kipande kifupi katikati, ili maji yapinde polepole. Kwa nyumba ya hadi sakafu tatu, muungano wa chini kabisa kwenye staki uwe milimita 450 juu ya sehemu ya chini ya ndani ya bomba linalotoka, na milimita 750 kwa ya hadi sakafu tano. Ukikosa nafasi hiyo, vyoo vya chini vipe laini yao hadi manholi. Mimi huvipa laini yao hata nafasi ikiwepo.

4. Soma maandishi kwenye valvu. Zilizopimwa kwa kipimo cha Ulaya cha EN 12380 huwa na herufi na namba ya Kirumi. A maana yake inaweza kukaa chini ya ukingo wa chombo (sinki, beseni au choo) inachokihudumia, kwa mfano ndani ya kabati la sinki. B haiwezi. Namba ni ya joto: I ni kutoka nyuzi 20 chini ya sifuri hadi 60, II ni sifuri hadi 60, III ni sifuri hadi 20 tu. Chini ya mabati ya Kisumu mchana, III haina kazi. Nunua A I au A II.

5. Mahali pa kuifunga. Ikae baada ya trapu, upande wa ukutani. Nimeona zikifungwa kati ya sinki na trapu, ambako hazizuii chochote. Iwe angalau milimita 100 juu ya bomba la kulala inalolihudumia, na kwenye kabati la sinki ipandishe juu kadiri kabati linavyoruhusu, kwa sababu mafuta ya kupikia na povu la sabuni vikifika kwenye mpira vinaugandisha. Ile ya juu ya staki iwe milimita 150 juu ya ukingo wa chombo cha juu kuliko vyote.

Ipe hewa na ipe mkono. Ukiizika nyuma ya taili au kwenye silingi iliyozibwa, haina cha kuvuta, na siku ya kuibadilisha utavunja ukuta. Weka kifuniko chenye matundu. Nakuru ongeza umakini kwa vumbi: valvu iliyo karibu na mwanya wa mabati hukusanya vumbi kwenye wavu wake, kwa hivyo ilete ndani zaidi.

Usiifunge kabla ya plasta na rangi. Ziba bomba kwa kifuniko, jaza maji upime uvujaji, kisha valvu ije mwisho. Ile yenye nyuzi izungushie thredi tepu na kaza kwa mkono, bila spana ya bomba. Usiipake gundi. Tone moja likifika kwenye mpira, valvu imekufa kabla ya kuanza. Ile ya milimita 110 huingia kwa gasketi, lainisha kwa sabuni ya maji na usitumie grisi.

6. Jaribu kabla ya kuomba pesa. Jaza beseni hadi juu, vuta kizibo huku mwenzako akiflashi choo cha juu. Kwenye valvu usikie mluzi mwembamba wa hewa, kwenye trapu usisikie kukoroma. Kisha chukua kijiti na tochi upime maji yaliyobaki: kila trapu iwe na milimita 25 au zaidi. Rudia mara tatu, ukijaza trapu upya kila mara. Na kabla ya yote nenda sakafu ya chini, simama bafuni, uwaambie wa juu waflashi vyote kwa pamoja. Kama maji ya choo yanapanda na kushuka, rudi kwenye namba 3.

Valvu hii haikarabatiwi. Ikianza kunuka, ifungue, angalia mpira, ukiwa umejikunja au umeshika mafuta weka valvu mpya. Acha ya ziada kwa keateka, na kwa kalamu ya rangi andika ndani ya mlango wa kabati: valvu iko hapa, usizibe.