Anayepiga 114 anapiga kelele tu, nianzie wapi?
Mdogo wangu, umeuliza ufanyeje mtu anapopiga 114, namba ya dharura ya Zimamoto, akilia "moto, moto!" bila kusema yuko wapi. Anza na mahali, kabla hata ya kinachoungua: simu ikikatika, gari litakuwa na pa kwenda. Uliza kwa sauti ya chini, kwa maneno yaleyale, mpaka ajibu. Ukibadilisha swali unamchanganya zaidi. Kibao cha anwani ya makazi kikiwepo mlangoni, akusomee. Hakipo? Chukua msikiti, shule au kituo cha daladala, na wilaya pia, maana Majengo ipo miji mingi. Msomee ulichoandika athibitishe. Kisha mtu mmoja atoke barabarani kulipokea gari. Hili wengi hulisahau, na vichochoro vyetu unavijua.