Maziwa ya mtoto ya kupimiwa: usinunue

Dada yangu, umeuliza kama mtoto wa miezi miwili anaweza kupewa yale maziwa ya kopo yanayopimwa kwenye vifuko Ngamiani, kwa kuwa kopo zima bei yake haishikiki. Tafadhali usinunue. Niliwahi kuyaona kwenye duka moja hapa Tanga: kopo liko wazi, kijiko kimelowa, unga umeshikana mabonge. Lebo huioni, tarehe huioni, na pengine ni maziwa ya unga ya chai tu.

Tangu 2019 usalama wa chakula uko chini ya TBS, yaani Shirika la Viwango Tanzania, kwa hiyo wapelekee taarifa. Masharti ya maziwa haya ni makali kwa sababu kichanga hana chakula kingine. Marekani, mwishoni mwa miaka ya 1970, watoto waliugua kwa maziwa yaliyopungukiwa kloridi, kitu kilichomo kwenye chumvi ya kawaida! Ndipo ikaja sheria ya 1980 iliyotaja virutubisho vya lazima.

Na hata unga wa kopo lililofungwa unaweza kuwa na bakteria. Shirika la Afya Duniani linataka maji ya kukorogea yasipungue nyuzi 70, kisha uipoze chupa kwenye maji baridi. Maziwa uliyokoroga yakikaa zaidi ya saa 2, mwaga. Wala usizidishe maji ili kopo lifike mwisho wa mwezi.

Ila kabla ya yote, pita kliniki. Maziwa yako yakiwa yamepungua tu, mara nyingi huongezeka mtoto akinyonya mara kwa mara, usiku pia.