Mtoto anajikuna usiku kucha baada ya kuumwa na mbu

SWALI: Daktari, shikamoo na pole na kazi. Tangu mvua za masika zianze, mwanangu wa miaka 4 anaumwa sana na mbu jioni tunapokaa barazani. Mimi hutokwa na kipele kidogo tu, lakini yeye huvimba donge kubwa na hujikuna usiku hadi damu itoke. Jirani amenishauri nimpake limau au mafuta ya taa. Je, nimsikilize? Na donge hilo lina maana kwamba mbu alikuwa na malaria?
Mama wa mtoto mmoja, Tanga

JIBU: Marahaba, mama, na pole kwa kukosa usingizi. Kinachomwasha mtoto ni mate ya mbu. Mbu jike, ambaye ndiye pekee anayefyonza damu, hutema mate yenye kemikali za kuzuia damu isigande, na kinga ya mwili inapoyatambua kuwa ni kitu kigeni hutoa histamini, ambayo hutanua mishipa midogo ya damu, huivimbisha ngozi na kuleta muwasho. Mwili wako umeyazoea mate hayo kwa miaka mingi. Wa mwanao bado, ndiyo maana yeye huvimba zaidi.

Limau na mafuta ya taa yabaki jikoni. Limau huchoma palipochubuka, na ngozi iliyopakwa limau ikipigwa na jua inaweza kuungua na kubaki na madoa meusi. Mafuta ya taa ni mabaya zaidi, kwa kuwa huunguza ngozi, na mtoto akiyalamba yanaweza kuingia kwenye mapafu.

Mwoshe kwa maji na sabuni ya kawaida, kisha umwekee kitambaa kilicholowa maji baridi, au barafu iliyofungwa ndani ya kitambaa, kwa muda wa dakika 10 hivi. Barafu tupu isiguse ngozi. Muwasho ukirudi, rudia. Unaweza pia kuchanganya soda ya kuokea na maji kidogo hadi iwe uji mzito, ukaupaka kwa dakika 10 na kuusuuza, mradi ngozi haijachubuka. Angalia usichukue magadi, ambayo ni makali na huikera ngozi. Dukani, losheni ya kalamini ni rahisi na inafaa. Sipendi hata kidogo zile krimu za mchanganyiko zenye betamethasoni, ambazo nyumba nyingi huzipaka kwenye kila kipele bila kuuliza: ni kali mno kwa ngozi ya mtoto na zikizoeleka huifanya iwe nyembamba. Dawa za mzio za kunywa, zikiwemo zile zinazoleta usingizi, mpe tu baada ya mfamasia kukupimia kiasi kinacholingana na umri wake.

Kucha zake zikatwe ziwe fupi na mikono ioshwe kabla ya kulala, kwa sababu vidonda vingi ninavyoviona huanzia kwenye kucha. Ukiona wekundu unaenea, pana joto, panauma au panatoa usaha, mpeleke kwenye zahanati. Akivimba midomo au uso, au akipumua kwa shida, mkimbize hospitali saa hiyo hiyo.

Kuhusu malaria, ukubwa wa donge hauelezi lolote. Mbu mwenye vimelea na asiye navyo huacha alama ile ile, na kwa kawaida homa ya malaria haianzi kabla ya siku 7 kupita tangu mtu aumwe, kwa hiyo homa ya leo haitokani na mbu wa jana. Mtoto akipata homa wakati wowote, awe na vipele au asiwe navyo, apimwe siku hiyo hiyo, wala usimnunulie dawa ya malaria kwa kukisia. Jioni mvalishe suruali ndefu na soksi mnapokaa barazani, na usiku alale ndani ya chandarua chenye dawa, kilichochomekwa vizuri chini ya godoro.