Karatasi kuukuu ndani ya plastiki: maswali yenu

Tangu niandike kuhusu mbao za plastiki zinazochanganywa na karatasi kuukuu, maswali yamejaa. Ya bei ya mashine nimeyaacha. Ninyi wa Kadutu, hapa Bukavu, mnajua bei kuliko mimi.

Nina magunia ya makaratasi ya mitihani. Naweza kuyachanganya na masashe (mifuko ya plastiki) yaliyoyeyuka? Kiasi gani? (Mama wa Nyawera)

Unaweza, mama. Anza na kilo 2 za karatasi kwa kilo 8 za plastiki. Viwanda vyenye mashine za kukanda hufika asilimia 30 au 40, lakini wewe unayekoroga kwa mti ndani ya pipa, ukivuka robo uji unakuwa mzito kuliko bugali na karatasi inabaki vidonge. Toa pini, kisha ikate ikiwa kavu, ndogo kadiri subira yako inavyoruhusu. Usiiloweke ili ilainike: ikikauka inagandamana kama trei ya mayai. Na ile iliyofungia sambaza za kukaanga, iliyokwisha kunywa mafuta, washia makala (makaa).

Niliyeyusha chupa za maji nikatia karatasi. Ikawa nyeusi, inanuka moto. Nilikosa wapi? (Kijana wa Bagira)

Kwenye chupa. Chupa za maji na za soda ni plastiki ya PET, nayo huyeyuka karibu digrii 250. Karatasi ni selulosi, na ikipita digrii 200 inaanza kuharibika. Yako iliungua kabla chupa haijayeyuka. Masashe huyeyuka karibu 110, bidoni (madumu) za mafuta karibu 130, viti vya plastiki karibu 165. Hizo ndizo zetu. Ukiwa na shaka, tupa kipande kidogo majini: kikielea kinafaa, kikizama kiache. PET huzama, na mabomba ya PVC pia. PVC usiipashe moto hata kidogo, hutoa gesi ya asidi inayochoma mapafu.

Mbao zangu zina matundu ndani kama mkate, na baada ya mvua mbili zimevimba pembeni. Ni karatasi mbaya? (Papa wa Panzi)

Papa, hayo ni magonjwa mawili ya mama mmoja: maji.

Matundu ni maji yaliyokuwa ndani tangu mwanzo. Karatasi unayoiona kavu mezani huwa na maji asilimia 5 hadi 8, na kwa mvua zetu za Septemba hadi Mei huzidi. Kilo 10 zimebeba zaidi ya nusu lita. Kijiko cha maji kikigeuka mvuke hutaka nafasi ya vijiko kama 1,700, na ndani ya plastiki nzito mvuke huo hauna mlango. Hapa Bukavu, karibu mita 1,500 juu ya bahari, maji huchemka kwenye digrii 95 hivi. Pipa lako limepita hapo zamani. Tandaza karatasi juani juu ya mabati, kisha isogeze karibu na joto la makala. Ipime kwa mizani, kausha saa moja, pima tena. Mizani ikikataa kushuka, itie papo hapo. Ukiilaza hadi kesho, hewa itairudishia maji yote.

Kuvimba ni maji ya nje. Karatasi hupenda maji, plastiki huyakataa, kwa hiyo hazishikani vizuri na maji hupita katikati yao. Viwanda hutia kilo 2 hadi 5 kwa kila 100 za polipropilini (plastiki ile ya viti) iliyounganishwa na kemikali iitwayo anhidridi ya maleiki, ambayo hushika karatasi kwa mkono mmoja na plastiki kwa mwingine. Usipoipata, paka sashe iliyoyeyuka pale ulipokata kwa msumeno, maana hapo nyuzi zimebaki wazi. Halafu uza rafu na meza za ndani. Mimi za kwanza nilizipanga chini ya mchirizi wa bati; mke wangu bado ananicheka.

Ni imara kuliko plastiki tupu?

Ni ngumu zaidi, haipindi upesi. Ila ukiigonga inapasuka mapema. Meza ndiyo, kofia ya pikipiki hapana.

Na sahani?

Hapana. Kuna wino, kuna kemikali za risiti, na hujui bidoni ilibeba nini.

Hii itamaliza takataka zinazoziba barrage (bwawa la umeme) ya mto Ruzizi?

Sehemu ndogo. Amri ya Desemba 2017 ilikataza masashe nchini Kongo na bado tunayakanyaga, kwa hiyo mali ipo. Lakini nyingi zinazoelea pale ni chupa, zimefungwa zikiwa na hewa ndani. Kijana wa Bagira amekwisha kujibiwa kuhusu chupa. Vifuniko vyake, lakini, vinafaa: vifungue, vioshe, vikaushe, uviweke pamoja na bidoni.