Jibu: Wenzangu wanakwepa kuchangia damu kazini

Salaam aleikum ndugu. Umesema zoezi la damu litakuwa hotelini kwenu Malindi, na kila unayemwambia anaitikia "nitakuja" kisha hajiandikishi. Angalia ratiba kwanza. Aliyetoka zamu ya usiku na njaa hashawishiki, wala hafai kutolewa damu. Sisi huku Lamu tulimwomba meneja awaachilie watu kwa zamu, chai na mahamri tayari.

Wengi huogopa kuishiwa nguvu. Waambie ni kama mililita 450 tu, na aliye chini ya kilo 50 hatolewi. Mtangulize mpishi mkuu. Watu humfuata yeye kuliko bango. Aliyekataa usimhoji mbele za watu, huenda ana jambo lake la afya. Zoezi likiangukia Ramadhani, ombeni lifanywe usiku baada ya futari.